Watazamaji Wakiita Filamu: Uhakiki wa Tovuti za Kuandaa Maonyesho ya Filamu Huru

Utangulizi

Katika safu hii ya uhakiki tumezoea kuchambua riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tunachambua kitu ambacho si kitabu, ingawa nacho kina maneno, kina muundo na kina msomaji anayedhaniwa. Tunakusudia kuzungumzia tovuti zinazomwezesha mtazamaji wa kawaida kuandaa mwenyewe onyesho la filamu huru katika mji wake.

Huenda msomaji akauliza: haya yanaihusu vipi idara ya Kiswahili? Yanatuhusu sana. Wanafunzi wetu wanaosoma riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), wanafahamu kwamba mwongozaji Amil Shivji ameitengenezea filamu. Filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za kimataifa. Wahusika wake wanazungumza Kiswahili, na mandhari yake ni Unguja ya miaka ya 1950. Mwanafunzi wa Gulu au Mbale aliyekwisha kuwachambua Yasmini na Denge darasani ana haki ya kutamani kuwaona kwenye pazia kubwa akiwa na wenzake, kwa idhini ya mwenye filamu. Lakini majumba ya sinema huchagua filamu kwa hesabu ya faida, na mwanafunzi huyo hayumo katika hesabu hiyo. Tovuti tunazozihakiki hapa zilibuniwa kwa ajili ya watu wa namna yake, yaani wachache waliotawanyika ambao hakuna mfanyabiashara anayewaona.

Hoja yetu ni moja. Tovuti hizi zimejibu vizuri maswali mawili, yaani filamu gani ionyeshwe na ionyeshwe wapi. Swali la tatu, ambalo kwetu sisi ndilo la kwanza, hazikuliuliza: filamu hiyo itasikika kwa lugha gani?

Chanzo chake

Wazo hili lilikulia Marekani. Mwaka 2004 filamu ya Robert Greenwald iitwayo Outfoxed, inayoikosoa televisheni ya Fox News, ilisambazwa kwa santuri za DVD na kutazamwa majumbani. Watu walijiandikisha kwenye intaneti, wakakaribisha majirani sebuleni, wakatazama na kujadiliana. Hapakuwa na jumba la sinema wala mabango barabarani.

Mwaka 2005 vijana wawili, Arin Crumley na Susan Buice, walipeleka filamu yao Four Eyed Monsters katika tamasha la Slamdance. Filamu ilipendwa, lakini hawakupata msambazaji. Badala ya kukata tamaa walianza kutoa vipindi vifupi vya video kwenye intaneti, wakisimulia jinsi walivyoitengeneza. Kisha wakawaomba watazamaji waandike namba ya posta ya mahali wanapoishi kama wangependa filamu ifike kwao. Maombi yakajikusanya kwenye ramani. Mji ulipokuwa na maombi mengi, walikwenda kwa mwenye jumba la sinema wakiwa na ushahidi mkononi. Mwaka 2006 filamu ikaingia kumbini katika miji kadhaa.

Kilichokuwa hila ya filamu moja kikataka kuwa chombo cha filamu zote. Mwaka 2009 Crumley na mwenzake Kieran Masterton walichangisha fedha kupitia Kickstarter ili kujenga OpenIndie, tovuti ambayo mtengenezaji yeyote angeweka filamu yake na kupokea maombi. Mwaka 2012 ikaja Tugg, kutoka Austin katika jimbo la Texas, na mwaka 2014 Uingereza ikapata ourscreen. Hizi mbili za mwisho ziliongeza sharti muhimu. Mwandalizi alichagua filamu, ukumbi, siku na saa. Kisha ikawekwa idadi ya chini ya tiketi zinazopaswa kununuliwa kabla ya tarehe fulani. Idadi ikitimia, onyesho linafanyika. Isipotimia, onyesho linafutwa na hakuna anayetozwa.

Yanayostahili sifa

Sifa ya kwanza ni kwamba tovuti hizi ziligeuza utaratibu. Katika eneo letu la Afrika Mashariki, filamu kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha kuletewa. Mradi wa Kiingereza wa filamu za mafunzo uliofanya kazi Vugiri, Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, ulitengeneza filamu na kuzizungusha vijijini kwa lori. Watengenezaji walikwisha kuamua mwanakijiji ajifunze nini. Miaka mingi baadaye zilikuja juhudi zenye moyo tofauti. Tamasha la Zanzibar, linaloendeshwa tangu mwaka 1998, limekuwa likipeleka filamu mashambani, na Tamasha la Filamu la Rwanda, lililoanzishwa na Eric Kabera mwaka 2005, lilipandisha pazia la kujazwa upepo hadi vilimani na kuonyesha filamu za Kinyarwanda. Kazi hizi tunazipongeza. Hata hivyo, hata hapo orodha ya filamu huandaliwa na tamasha. Tovuti ya maombi inampa mtazamaji nafasi ya kusema kwanza.

Sifa ya pili ni kugawana hofu ya hasara. Mtu mmoja akikodi ukumbi kwa fedha zake na wageni wasitokee, hasara ni yake peke yake. Sharti la idadi ya chini linawafanya watu wote waingie pamoja au wabaki nje pamoja. Wanaofahamu michezo ya upatu, au michango ya harusi ambayo tarehe haitangazwi mpaka kamati imeona fedha, hawatashangazwa na busara hiyo.

Sifa ya tatu ni kuwaonyesha wachache kwamba hawako peke yao. Mtu anayependa filamu isiyojulikana hudhani ni yeye tu. Akiiona ramani yenye maombi arobaini ya mji wake, anatambua kwamba kuna kundi.

Ombi na ahadi

Baada ya sifa tuje kwenye upungufu, na tuanze na vitenzi, maana hiyo ndiyo fani yetu. Kutaka, kuomba, kuahidi na kulipa ni vitenzi vinne tofauti. Tovuti za mwanzo zilichukua kutaka zikakuhesabu kama kuahidi. Kubofya alama kwenye kompyuta hakumgharimu mtu chochote. Anaweza kubofya kwa filamu kumi jioni moja, na asiende kuona hata moja. Ramani iliyojaa maombi inapendeza macho, lakini mwenye ukumbi hawezi kulipa umeme kwa maombi.

Tovuti zilizofuata zilirekebisha kasoro hiyo kwa kudai tiketi. Zikaleta kasoro nyingine: idadi ya chini haina huruma. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme ukumbi wa watu 100 unagharimu shilingi za Uganda 300,000, idhini ya filamu 200,000, na mtafsiri 100,000. Jumla ni 600,000. Kwa kiingilio cha shilingi 10,000 wanahitajika watu 60. Wakijitokeza 40, tovuti inafuta onyesho na kuwatawanya watu hao 40, ambao kwa mji mdogo ni hazina. Binadamu angefanya hesabu nyingine. Angehamia chumba cha mihadhara, angempigia mwenye filamu simu kuomba apunguze, au angeahirisha kwa wiki mbili na kuwaomba wale 40 kila mmoja alete mwenzake. Tovuti bora ingewapa nafasi ya kujadiliana kabla ya mlango kufungwa.

Mwandalizi asiyeonekana

Upungufu wa pili uko katika neno “mwandalizi” lenyewe. Maelezo ya tovuti hizi humsifu mtazamaji kwamba sasa ndiye mwenye uamuzi. Ukichunguza majukumu yake utaona kwamba pia ndiye mpiga debe, karani wa tiketi na msemaji mbele ya wageni. Anatuma barua pepe, anabandika matangazo, anawapigia marafiki. Malipo yake kwa kawaida ni sehemu ndogo ya mapato, au shukrani tu. Msambazaji wa zamani alikuwa na watu wa kazi hiyo na aliwalipa.

Hatusemi kwamba kujitolea ni kubaya. Vyama vya Kiswahili vya wanafunzi vimejengwa kwa kujitolea. Tunachosema ni kwamba tovuti iseme ukweli. Badala ya kumwambia mwandalizi kuwa kazi ni kubofya mara tatu, imwonyeshe mapema orodha ya kazi: kuzungumza na mwenye ukumbi, kujaribu mashine siku moja kabla, kupanga viti, kuwa na jenereta umeme ukikatika, na kuongoza mjadala baada ya filamu. Anayeijua kazi kabla hataiacha njiani.

Swali la lugha

Sasa tufike kwenye kiini. Ukisoma utaratibu wa tovuti hizi utaona kwamba zimemdhania mtazamaji ambaye lugha ya filamu ndiyo lugha yake, au ambaye anasoma upesi maandishi ya tafsiri chini ya picha. Katika fomu ya ombi mna jina la filamu, mahali na tarehe. Lugha haimo, au imeandikwa tu kama sifa ya filamu, sawa na urefu wake kwa dakika.

Katika eneo letu mambo si hivyo. Hapa Uganda watu wengi wameingia katika ulimwengu wa filamu kupitia vibanda vya video, ambavyo kwa Luganda huitwa bibanda, neno ambalo mwanafunzi yeyote wa isimu atalitambua udugu wake. Katika vibanda hivyo amekuwapo mtu wa muhimu kuliko mashine, naye ni msimulizi anayeifasiri filamu papo hapo, akiongeza vichekesho, methali na majina ya mitaa inayojulikana. VJ Jingo amejipatia umaarufu kwa kufanya hivyo kwa Luganda. Kenya ina DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili chenye ladha ya mtaani, na Tanzania ilimjua Lufufu kwa kazi kama hiyo. Watazamaji hawasemi tu kwamba wanataka filamu fulani. Wanasema wanataka filamu fulani iliyofasiriwa na fulani. Ombi lao lina sehemu mbili.

Mfano mzuri ni filamu ya Kiganda Who Killed Captain Alex? (2010), iliyotengenezwa na Isaac Nabwana huko Wakaliga, Kampala. Filamu hiyo ilijulikana ulimwenguni kupitia intaneti ikiwa na sauti ya msimulizi VJ Emmie juu yake. Watazamaji wa Ulaya na Marekani, ambao hawajawahi kukanyaga kibanda cha video, wameipenda sauti hiyo kama sehemu ya filamu yenyewe. Msimulizi ambaye fomu za tovuti hazina nafasi yake amethibitisha kwamba anaweza kuivusha filamu mipaka.

Tovuti ya maonyesho itakayofaa huku lazima iwe na nafasi tatu ambazo hizo nyingine hazina. Kwanza, kila ombi liseme lugha ambayo mwombaji anaihitaji. Maombi 60 ya filamu moja yanaweza kumaanisha watu 35 wanaotaka Kiswahili, 20 wanaotaka Luganda na 5 wanaoridhika na lugha ya asili. Hayo si onyesho moja. Pili, pawe na orodha ya wafasiri na wasimulizi, kila mmoja na lugha zake, ili mwandalizi achague kama anavyochagua ukumbi. Tatu, malipo ya mfasiri yaingizwe katika idadi ya chini tangu mwanzo, yasiwe fadhila ya kukumbukwa mwishoni.

Hapa wapo watakaotupinga. Watasema usimulizi wa kibandani huharibu filamu, huongeza yasiyokuwamo, na mara nyingi hufanywa bila ruhusa ya mwenye kazi. La ruhusa ni kweli, na hatulitetei. Haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, kama ilivyo haki ya kuionyesha hadharani. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kumtoa mfasiri kichochoroni na kumwandika katika fomu, ili mwenye filamu amjue, akubali au akatae, na mapatano yafanyike. Kuhusu kuongeza yasiyokuwamo, tukubali kwamba kuna aina mbili za kazi. Kuna tafsiri inayofuata matini, nayo ndiyo tunayoifundisha, na kuna usimulizi, ambao una undugu na utendaji wa fasihi simulizi. Filamu ya mapigano inaweza kufaidika na usimulizi. Filamu yenye ukimya mwingi na maneno machache inahitaji mfasiri anayejua kunyamaza. Tovuti ikizitenganisha, mtazamaji atajua anachokwenda kukipata.

Mahali, fedha na sheria

Mambo mengine matatu tuyataje kwa ufupi. La kwanza ni anwani. Ramani ya Four Eyed Monsters ilitegemea namba za posta za Marekani. Huku mtu hujieleza kwa soko, kanisa, msikiti au kituo cha bodaboda. Fomu ikidai namba ya posta, wengi wataishia hapo.

La pili ni malipo. Utaratibu wa kutotoza mpaka idadi itimie ulibuniwa kwa kadi za benki, ambazo zinaruhusu fedha kushikiliwa kwa muda bila kukatwa. Watu wetu hulipa kwa simu, huduma iliyoenea tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007. Fedha ya simu ikishatumwa imetumwa. Kuirudisha ni muamala mwingine wenye ada yake. Tovuti iseme mapema ni nani atakayelipa ada hiyo onyesho likifutwa, la sivyo shilingi chache zitaleta ugomvi mkubwa.

La tatu ni sheria. Kenya na Tanzania zina bodi za filamu, na Uganda ina Baraza la Vyombo vya Habari linalopanga filamu katika madaraja. Wanaofuatilia watakumbuka filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2018 kisha mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7. Watu walijaa kumbini Nairobi. Maombi elfu moja hayawezi kuchukua nafasi ya kibali, wala mwandalizi asiachwe agundue hilo siku ya onyesho. Aidha, Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mwenye filamu. Kununua santuri si kununua haki ya kutoza watu kiingilio.

Maneno ya tovuti yenyewe

Tovuti ya Kiswahili haitajengwa kwa kubandika maneno ya Kiswahili juu ya vitufe vya Kiingereza. Tuangalie istilahi yenyewe, “filamu huru”. Mwanafunzi mmoja anaweza kuielewa kuwa filamu isiyofungiwa na serikali, mwingine kuwa filamu ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuinakili. Maana inayokusudiwa ni filamu iliyotengenezwa nje ya makampuni makubwa. Tunapendekeza tovuti iifafanue kwa sentensi moja katika ukurasa wa kwanza, kwa kuwa kosa la maana hapa linaweza kuzaa kosa la kisheria.

Vivyo hivyo, “hadhira” ni neno zuri la uhakiki, lakini katika kitufe “watazamaji” linatosha. “Idadi ya kutosha” inaeleweka upesi kuliko “kizingiti”, ambacho mtu anaweza kudhani ni kikwazo. Na badala ya kitufe cha “omba”, ambacho kwa baadhi ya watu kina harufu ya unyonge, tungependelea “nitakuja”. Kitenzi hicho kiko katika nafsi ya kwanza, kiko katika wakati ujao, na kinambana msemaji kidogo. Tumekwisha kusema kwamba udhaifu wa tovuti za mwanzo ulikuwa kuchanganya kutaka na kuahidi. Chaguo la kitenzi kimoja linaweza kusaidia kuurekebisha.

Hitimisho

Tumeona kwamba tovuti za kuandaa maonyesho zina busara ya kweli: zinamsikiliza mtazamaji kabla ya kukodi ukumbi, na zinagawa hofu ya hasara. Tumeona pia kwamba zinaficha kazi ya mwandalizi, na kwamba zimeisahau lugha. Upungufu huu wa mwisho hautarekebishwa na mafundi wa kompyuta peke yao, kwa sababu wao hujenga wanachoelezwa. Wa kuwaeleza ni sisi tunaofundisha na kusoma tafsiri.

Kabla ya kutafuta fedha za kujenga tovuti, tunapendekeza idara ifanye jaribio kwa daftari. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ni fursa nzuri. Miezi mitatu kabla, kila darasa lipitishe daftari lenye safu nne: jina, filamu, lugha, na kiasi ambacho mtu yuko tayari kulipa. Wanafunzi wa tafsiri waandae matini ya filamu itakayoongoza, na mwenye filamu aandikiwe barua ya kuomba idhini ya kuionyesha na kuitafsiri. Daftari hilo litatuonyesha ni wangapi walioandika majina na ni wangapi waliokuja, ni lugha gani iliyoombwa zaidi, na ni kiasi gani kilichopungua. Hayo ndiyo maelezo ambayo fundi atahitaji. Wasomaji walio katika shule na vyuo vingine tunawaomba wajaribu kwao pia, na watuandikie matokeo ili tuyachapishe katika toleo lijalo.